Rudia Nilichosema

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka minane shida iliponishika shati. Baba alikufa kule Uvira, shule yangu ikaishia darasa la tatu, na tangu hapo dawati sijalikalia tena. Madawati nimeyabeba tu mgongoni, nikiwahamishia watu ofisi. Nasema haya mapema ili msomi yeyote asije akanisahihisha. Kuandika nilijifunza kambini Kigoma, na kusoma kwa haraka nilijifunza kwenye maboksi ya ghala moja la Smithfield, hapa Sydney, ambako ukisoma vibaya friji la mtu linaishia Perth.

Lakini leo siandiki habari zangu. Zangu nitazitaja mwishoni, kwa kifupi, maana ni nzuri. Naandika habari za jirani yangu, mwanamke mkorofi kuliko wote niliowahi kukaa nao mtaa mmoja, na mimi nimekaa kambini na watu wa kila aina. Kama si ukorofi wake, ningekuwa mgane tangu mwaka 2014.

Tulimwita Mama Maabara. Jina lake analo, ila hatukulitumia. Alikuwa Mkenya, alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja kubwa huku magharibi mwa jiji ambayo jina silitaji, na kazi yake, ukiondoa mashine na vichupa, ilikuwa kupiga simu. Damu ya mgonjwa ikipimwa ikaonekana ina hatari, yeye ndiye humtafuta daktari popote alipo na kumwambia. Basi. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya mtoto. Hata mimi nilidhani.

Siku aliyohamia nyumba ya mkabala nilikuwa nimeshika sahani ya sombe, majani yetu ya muhogo, na ndagala, vile visamaki vya ziwani, nataka kumkaribisha kama mtu aliyelelewa. Akafungua mlango kabla sijabisha.

"Vani yako inavuja mafuta ya breki," akasema. "Usiendeshe leo. Rudia nilichosema."

"Nini?"

"Rudia nilichosema."

Sikumwamkia, hakuniamkia. Mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi tu, ananipa amri mbele ya sahani yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, sisi huku tunaanza na habari za asubuhi." Akasema, "Habari ndiyo hiyo nimekupa." Akachukua sahani, akafunga mlango.

Breki ilikuwa inavuja kweli. Hilo halikunipunguzia hasira.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba "rudia nilichosema" haikuwa dharau. Ilikuwa kazi. Siku ambazo reli ilikuwa kwenye matengenezo na treni zote zimegeuka kuwa mabasi ya kungojewa hadi uzee, nilimpeleka kazini kwa vani, na njiani akanieleza. Majina ya wagonjwa hakutaja hata moja, nyinyi mnaomjua mtajua hilo ni la kuapia. Ila madaktari aliwasengenya kwa roho safi.

"Ukimwambia daktari namba," alisema, "anasema sawa, sawa, sawa. Hiyo sawa haina kitu ndani, Mzee. Ni kama kikombe tupu anakupokea nacho. Mpaka airudie mwenyewe kwa mdomo wake, hujampa kitu."

"Na akikataa kurudia?"

"Namngoja."

"Unamngoja kwenye simu?"

"Namwimbia. Wimbo wa kitabu chetu cha kanisa, beti zote. Hakuna daktari amefika ubeti wa tatu."

Alikuwa na sauti mbaya, Mungu anisamehe. Nilimsikia kanisani.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni neno "ujumbe." Apige simu wodini, apokee karani, karani aseme daktari hayupo, acha ujumbe. Mama Maabara alikuwa akiniigia sauti ile ya karani, tamu kama shira, huku anapiga dashibodi yangu kwa kiganja. "Ujumbe ni kaburi! Unaweka kitu pale, unaweka maua juu, unaenda zako!" Yeye haachi ujumbe. Anauliza daktari yuko wapi. Amekwenda kula? Wapi? Meza ipi? Nani amekaa karibu yake? Kuna daktari mmoja mpasuaji alimpata kwa kinyozi. Aliniambia hilo kwa furaha ya mtu aliyeshika samaki mkubwa.

Ukimwuliza kwa nini asitulie kama wengine, wanaompelekea daktari majibu kwenye kompyuta naye asome akipenda, anakujibu kwa sentensi yake ile ya siku zote: "Damu haisubiri mtu amalize chai."

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umweke kwenye jumuiya ya Waafrika wa Sydney. Sisi ambao ukituuliza habari tunasema nzuri hata paa likiwaka. Tunaanza na wewe, mama watoto, watoto, kazi, baridi, bei ya mafuta, na mwisho kabisa, umeshashika kitasa cha mlango, ndipo tunasema, "Ila mzee ametutoka." Pasta wetu alitumia ibada nzima kutuambia kwamba choo cha kanisa kimeziba. Akatoka Mwanzo, akapita jangwani, akavuka bahari. Mama Maabara alisimama katikati ya watu, na kofia yake ya manyoya, akasema, "Pasta, choo kipi, na fundi ameitwa?" Akina mama wa kwaya hawakumsamehe. Mimi nilicheka mpaka Mama Furaha, mke wangu, akanifinya paja.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyewakimbiza madaktari kwa simu, simu yake mwenyewe hakuipokea kamwe. Aliiacha kwenye kopo la unga. Siongopi, niliwahi kusikia ugali ukilia kabla haujapikwa. Alichelewa kila harusi. Alitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama, halafu anakuhubiria wewe habari za kisukari. Na daktari wa kwake hakuwa naye. Nilimwuliza, "Mama, wewe unapimwa lini?" Akasema, "Mpishi hali hotelini."

Niliyakumbuka hayo baadaye.

Ngoja niseme kwanza habari ya Fundi, maana ndiyo ilitaka kumfukuzisha Mama Maabara mtaani. Fundi alikuwa Mkenya pia, mrekebishaji wa matairi, mtu mpole. Mama yake akafariki kwao. Ndugu zake hawakumpigia yeye. Walifanya inavyopasa: walimpigia mzee wa huku, na mzee wa huku ni mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba, Wakongo, Warundi, Wakenya, wote, na ninasema bila haya kwamba hakuna mwenyekiti aliyezika vizuri kuliko mimi. Tukakutana, tukapanga. Fundi aachwe amalize wiki yake ya kazi. Jumamosi aitwe kwangu kama anakuja kula tu. Ale kwanza, mtu hapewi msiba na tumbo tupu. Halafu mimi nianze kwa mbali, pasta aingie katikati, akina mama wawe jikoni tayari kumshika.

Mpango mzuri. Mama Maabara aliusikia kwa Mama Furaha. Asubuhi iliyofuata akamkuta Fundi kwenye stesheni ya Fairfield, katikati ya watu wanaongoja treni, akamwambia: "Mama yako amefariki juzi. Pole. Wanazika Ijumaa. Rudia nilichosema."

Fundi akakaa chini pale pale penye mstari wa njano. Watu wakamwita askari wa reli.

Kamati nzima tulikwenda kwake siku hiyo hiyo, tumevaa koti. Nikasema maneno makali, na pasta akaongeza ya Biblia.

"Umemwua mtoto wa watu," nikamwambia. "Wewe unamkabidhi mtu kifo kama risiti ya duka?"

"Mngemwambia lini?" akauliza.

"Jumamosi."

"Na wanazika lini?"

Pasta akakohoa.

"Ijumaa," akajijibu mwenyewe. "Mlikuwa mnampikia ale vizuri wakati mama yake anafukiwa. Sasa hivi yuko uwanja wa ndege. Nendeni mkamwombee asikose ndege, badala ya kunijazia viatu hapa mlangoni."

Fundi aliwahi. Alimwaga udongo kwa mkono wake. Aliporudi hakuja kunishukuru mimi kwa mpango wangu mzuri. Alikwenda kwa Mama Maabara akambadilishia matairi yote ya gari, ambayo hayakuwa yamekwisha. Lakini wengi wetu tuliendelea kumnunia. Nami nilinuna kwa cheo, mwenyekiti hawezi kuwa wa kwanza kucheka.

Nilikuwa bado nimenuna miguu ya Mama Furaha ilipoanza kuvimba.

Nilimpeleka kwenye kliniki ya ile hospitali. Daktari kijana, msichana mwenye macho ya mtu asiyelala, akamsikiliza, akamtoa damu, akasema nendeni nyumbani, majibu mtapata juma hili. Tukatoka. Mama Furaha akasema anasikia mwili kama umejaa mchanga, lakini anataka kwanza tupite dukani kununua ndagala. Ndiyo mke wangu huyo. Nikaegesha vani, yeye akabaki ndani, miguu juu ya dashibodi, mimi nikaenda kubishana na muuzaji kuhusu samaki ambao walikufa kabla ya yeye kuzaliwa.

Simu ikalia. Kioo kikaandika praiveti, yaani namba imefichwa.

Sasa wewe msomaji, kama ni mtu wetu, unajua. Nani anapokea praiveti? Praiveti ni ofisi ya posho ya serikali inataka kujua kwa nini umefanya kazi. Praiveti ni mtu wa deni. Praiveti ni binamu asiyetaka ujue ni yeye. Nikaizima. Ikalia tena. Nikaizima. Nikarudi garini, ikalia tena.

"Papa Furaha, iyo simu inalia sana," mke wangu akasema, macho amefumba.

"Ni praiveti. Acha ilie, itachoka."

Sikukosea. Nasema mpaka leo, kwa akili niliyokuwa nayo na simu niliyokuwa nayo, sikukosea.

Ikanyamaza kidogo. Halafu ikalia tena, na safari hii ikaonyesha namba, namba ya kawaida ya mtu wa kawaida. Mteja! Nikapokea kwa sauti yangu ya biashara: "Halo, uhamishaji wa fanicha, bei nzuri, tunabeba hata piano!"

"Mke wako yuko wapi?" Ni yule daktari msichana, anahema kama amepanda ngazi.

"Yuko hapa. Ana usingizi."

"Usimwache alale. Mrudishe sasa hivi, mlango wa dharura, siyo kliniki. Kuna chumvi kwenye damu yake imepanda, inaweza kusimamisha moyo. Ukiona ameanza kuzimia, simama, piga simu ya ambulensi. Tafadhali, rudia nilichosema."

Nilirudia. Neno kwa neno, mimi wa darasa la tatu. Na huku narudia, nikajiuliza, ugonjwa huu wa rudia-nilichosema nimeuona wapi?

Sitawachosha na barabara. Niliipita taa moja nyekundu, faini nikailipa nikitabasamu. Mlangoni walikuwa wanatungoja na kiti cha magurudumu. Wakamfungia waya za moyo, wakamtundikia dawa, mashine ikawa inachora milima isiyo ya kawaida, na mimi nimesimama pembeni na mfuko wa ndagala unanuka wodi nzima. Kidogo kidogo milima ikarudi kuwa vilima. Kumbe dawa za presha alizokuwa akimeza ndizo zilikuwa zinaifungia chumvi ile ndani ya mwili. Mama Furaha akafungua macho akaniuliza, "Umepata bei gani?"

Hapo ndipo nilipokaa chini nikalia. Hilo halikuwa kwenye mpango wowote wa kamati.

Yule daktari alikuja baadaye kututazama. Ndiye aliyenieleza, anacheka kwa uchovu. Alikuwa amekwishatoka kliniki, yuko mkutanoni, mdomo umejaa sandwichi. Mlango ukafunguliwa, karani ameshika simu mbali na mwili kama mtu aliyeshika nyoka. Mtu wa maabara amekataa kuacha ujumbe. Amekataa kukata. Anaimba.

"Nikaweka sikio," daktari akasema. "Akaniambia, meza kwanza, halafu andika. Nikaandika. Nikarudia. Nikakupigia wewe, hukupokea. Nikaambiwa kuna mgonjwa mwingine, nikasema nitajaribu tena baadaye. Simu ikalia, ni yule yule wa maabara. Ananiuliza, umempata? Nikamwambia hapokei. Akasema, unapiga kwa simu ya hospitali? Hiyo inaonyesha praiveti. Watu hawa hawapokei praiveti, hata Yesu akipiga. Chukua simu yako mwenyewe, ya mfukoni. Atadhani ni mteja."

Atadhani ni mteja! Nilikasirika na kushukuru kwa pamoja, na mtu wa umri wangu hapaswi kufanyiwa hivyo.

Mama Furaha alipotoka hospitalini nilinunua mbuzi, nikamchinja kwa rafiki mwenye shamba, nikampelekea Mama Maabara mguu mzima. Safari hii nilivaa koti kwa jambo la heri. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kushukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa mke wangu."

"Mke wako amefanya nini?"

"Damu yake. Simu. Wewe ulimwambia daktari..."

"Mzee." Alinikata kama kawaida yake, lakini kwa sauti ya chini. "Mimi sijui habari za mgonjwa yeyote. Sijaona damu ya mtu. Kama mke wako alikuwa mgonjwa, pole, ndiyo nasikia leo. Rudia nilichosema."

Nikamtazama. Hakupepesa.

"Hujui habari za mgonjwa yeyote," nikasema.

"Vizuri. Huo mguu ni wa mbuzi?"

"Ni wa mbuzi."

"Weka jikoni."

Hakulitaja tena mpaka leo. Alikuwa na mdomo wa kumwambia mtu kifo stesheni, lakini siri ya damu ya mke wangu aliizika mahali ambapo hata mimi mwenye mke sikuweza kuifukua. Nilijiuzulu uenyekiti mwaka uliofuata. Si kwa sababu hiyo. Pasta alianza kuleta ajenda zilizochapwa.

Miaka ile ikaenda ikaisha. Mama Maabara akastaafu, akahamia Penrith kwa binti yake, kwenye nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma, akaanza kulima sukuma wiki. Mtaa wetu ukawa kimya na breki zetu zikaanza kuvuja bila taarifa.

Kisha siku moja asubuhi binti yake akanipigia. Watoto hawa wanasikia Kiswahili vizuri lakini wanakijibu kwa Kiingereza, kama unawarushia mpira nao wanakurudishia jiwe. Natafsiri.

"Anko, ni Mum. Alienda kupimwa uvimbe kwenye titi, nilimburuta. Sasa kliniki wanampigia tangu juzi, hapokei. Wananipigia mimi, wanasema tu aje leo. Mimi niko kazini Westmead. Ukimwambia wewe..."

Nilimwelewa. Nikawasha vani.

Nilimkuta uwanjani, ameinama kwenye sukuma wiki, gauni limefungwa kiunoni. Akaniona. Na hapo, wallahi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mwanamke akaniamkia.

"Karibu, Mzee! Habari za Smithfield?"

"Nzuri."

"Mama Furaha hajambo? Miguu yake? Furaha amejifungua? Na vani, inakwenda? Huko mvua ilinyesha? Huku ilinyesha kidogo, unaona hata majani. Na pasta, bado anahubiri vile? Na Fundi, ameoa? Keti, keti, nikuletee chai. Maziwa yapo. Na bei ya mafuta huko..."

Alikuwa anakwenda tu, hashiki pumzi, anakata kwa kisu majani ambayo hayajakomaa. Nilisimama nikamtazama akivuka jangwa na bahari kama pasta wetu. Anajua. Yeye kuliko mtu yeyote nchi hii anajua maana ya simu inayolia mara nyingi hivyo.

Mila yetu ingetaka niketi, ninywe chai, nianze kwa mbali.

"Kliniki wanakutafuta," nikasema. "Wana majibu. Wanataka uende leo. Vani iko nje. Rudia nilichosema."

Akakata jani jingine. Kunguru wa jirani akapiga kelele zake.

"Acha ninywe chai kwanza," akasema.

"Damu haisubiri mtu amalize chai."

"Hayo ni maneno yangu."

"Ndiyo. Nimeyarudisha kwa mwenyewe."

Akanitukana kwa Kikwao, tusi refu lenye vituo. Nilingoja. Alipomaliza bado hakusema ninachotaka, basi nikaanza kuimba, wimbo wa kitabu chao cha kanisa, na mimi sauti yangu ni mbaya kuliko yake. Nilifika ubeti wa pili.

"Basi, basi! Nyamaza, majirani watapiga polisi." Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye gauni. Kisha akasema, taratibu, kila neno mahali pake: "Kliniki wananitafuta. Wana majibu. Niende leo. Vani iko nje."

"Vizuri," nikamwambia.

Kwenye taa za barabara kuu akasikiliza injini kidogo, akaniambia breki ya kushoto inalia.

Walimkata, wakamchoma mionzi, wakamtundikia zile dawa kali za saratani, nywele zikatoka zikarudi na mvi, na ubishi haukupungua hata punje.

Niliahidi kutaja vyangu, na mimi si mtu wa ahadi hewa. Leo nina nyumba ya matofali Smithfield, hati iko kwa jina langu. Vani mbili, moja breki zimerekebishwa. Toroli nne za kubebea friji. Koti moja la misiba. Mke mmoja, yule yule, ndagala anajinunulia mwenyewe. Jirani mmoja, yuko Penrith, bado mkorofi. Na simu moja, ambayo siku hizi naipokea hata ikiandika praiveti.